Nimemaliza darasa la Ezra na Nehemia: yaliyonijenga na yaliyonikwaza

Nilijiandikisha kwa sababu ya ukuta. Kanisani kwetu hapa Mbeya tunajenga, na mimi ni mhazini wa kamati ya ujenzi, huu mwaka wa nne. Kila changizo likifika, mhubiri anafungua Nehemia sura ya 2, habari ya kujenga upya ukuta wa Yerusalemu, "Mungu wa mbinguni, yeye atatufanikisha", watu wanasimama, ahadi zinaandikwa, na wiki mbili baadaye ninabaki mimi na daftari la ahadi zisizolipwa. Nilipoona tangazo la darasa la jioni la vitabu vya Ezra na Nehemia, wiki kumi, nikasema hapa ndipo nitakapojua namna ya kuwafanya watu watoe walichoahidi. Hilo sikufundishwa. Nilichofundishwa kilinigharimu zaidi ya ada, na ndiyo maana nimekaa kuandika maoni haya kwa urefu, maana kuna wengi wameniuliza kama wajiandikishe.

Mambo ya kawaida kwanza. Darasa ni kila Jumanne, saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Ada ni shilingi 45,000, ndani yake kuna kijitabu cha kurasa sabini na chai ya kila kipindi. Tulikuwa ishirini na watatu: fundi mwashi, muuguzi, walimu wawili wa shule ya msingi, vijana wa bodaboda, akina mama wa soko kama mimi, na mzee mmoja aliyekuwa anatoka Uyole kwa daladala na hakukosa hata siku moja. Mwalimu ni mchungaji mstaafu. Sisi tunamwita Baba Mchungaji, yeye anatuita wanangu, hata wale wenye wajukuu.

Ana sheria moja, na sheria hiyo ndiyo darasa lenyewe. Saa nzima ya kwanza hakuna ruhusa ya kusema "hapa tunajifunza kwamba". Ukisema, anakunyamazisha kwa upole na kukuuliza: huyu mtu alikuwa nani? Mwaka gani? Alikuwa anamwogopa nani? Alikuwa anadaiwa na nani? Ukishindwa kujibu, unarudi kwenye maandiko. Wiki ya kwanza niliona anatuchelewesha. Tumezoea kusoma mistari mitatu na kukimbilia "somo kwetu leo", na tukishalipata tunafunga Biblia. Kumbe mara nyingi somo hilo tulikuja nalo kutoka nyumbani, na Biblia tukaifungua ili itukubalie.

Siku hiyo hiyo alichora mstari ubaoni na kuweka miaka. Mwaka 538 KK, baada ya Koreshi, mfalme wa Uajemi, kuwaruhusu, kundi la kwanza la Wayahudi linarudi kutoka uhamishoni Babeli. Mwaka 515 KK hekalu linakamilika, enzi za Dario. Mwaka 458 KK Ezra anapanda Yerusalemu, safari ya miezi minne. Mwaka 445 KK, mwaka wa ishirini wa mfalme Artashasta, Nehemia anaomba ruhusa ya kwenda kujenga ukuta. Nilikuwa nasoma vitabu hivi viwili kama habari ya miaka miwili au mitatu. Nikahesabu: kutoka kukamilika kwa hekalu hadi kujengwa kwa ukuta ni miaka 70. Mtoto aliyebebwa mgongoni siku ya kuliweka wakfu hekalu, kama Nehemia alimkuta hai, alimkuta mzee. Watu walizaliwa, wakaoa, wakazika wazazi, nyumba ya Mungu ipo na mji hauna ukuta. Mimi nimekuwa nikikasirika kwa sababu jengo letu lina miaka sita na halijapauliwa.

Kuna siku alileta picha ya maandishi ya mafunjo yaliyopatikana Misri, kwenye kisiwa cha Elefantine katika mto Nile, ambako kulikuwa na Wayahudi waliokuwa askari wa Uajemi. Ni barua ya mwaka 407 KK kwenda kwa liwali wa Yuda, na ndani yake wanatajwa Delaya na Shelemia, wana wa Sanbalati, liwali wa Samaria. Ndiye Sanbalati yule yule aliyemdhihaki Nehemia. Nilishika picha ile kwa muda mrefu. Adui wa Nehemia alikuwa mtu mwenye ofisi, mwenye watoto waliotambulika baada yake, mwenye njia ya kufikisha barua kwa wakubwa. Nilikuwa nimemzoea Sanbalati wa maombi ya usiku, yule anayekemewa kwa sauti kubwa, na sikuwahi kufikiri kwamba alikuwa na watoto.

Wiki ya tano ilikuwa sura ya 3. Wengi tunairuka, ni majina matupu: fulani akajenga, baada yake akajenga fulani. Baba Mchungaji aligawa majina, kila mmoja akapewa mtu wake amfuatilie kitabu kizima. Ukumbi ulichangamka kama mnada. Muuguzi alimpata Shalumu mwana wa Haloheshi, aliyejenga pamoja na binti zake, mstari wa 12. Kijana wa bodaboda akampata Malkiya, mkuu wa mtaa mzima, aliyejenga lango la jaa, mlango wa kutupia uchafu wa mji. Fundi mwashi alipewa Watekoi. Mstari wa 5 unasema wakuu wao walikataa kuinamisha shingo kwa kazi, na mstari wa 27 unasema Watekoi wale wale, wa kawaida, wakajenga kipande cha pili. Fundi yule ni mtu wa maneno machache. Alisema tu, "Hawa nawajua," akakaa.

Mimi nilipewa Meshulamu mwana wa Berekia. Nilimkuta mstari wa 4 akijenga. Nikamkuta tena mstari wa 30, anajenga kukielekea chumba chake. Vipande viwili! Nikafurahi kuwa nimepewa mtu mwema. Kisha nikafika sura ya 6 mstari wa 18: binti wa Meshulamu huyo huyo ameolewa na Yehohanani, mwana wa Tobia. Tobia adui. Tobia aliyesema mbweha akipanda ukuta wao ataubomoa. Mtu wangu mchana anabeba mawe, na jioni mkwewe ni nyumba ya mpinzani, ambako barua zinakwenda na kurudi.

Nilimwuliza Baba Mchungaji, "Sasa huyu yuko upande gani?" Akanijibu, "Nehemia amemwandika kwenye orodha ya wajenzi. Hakumfuta." Hakuongeza neno. Nimelala na jibu hilo siku nyingi. Kwenye kamati yetu kuna ndugu ambaye ukoo wa mkewe uligombana na uongozi wa kanisa ukahama, na sisi wengine, nami nikiwemo, tulikuwa tumeacha kumpa taarifa za vikao. Yeye ndiye aliyetoa mchanga lori tatu.

Sasa nifike wiki ya sita, ambayo kwa ajili yake peke yake ningelipa ada mara mbili.

Nehemia sura ya 5. Nimesikia Nehemia ikihubiriwa kwenye changizo tangu nikiwa msichana, na sikumbuki hata siku moja mhubiri akisimama kwenye sura ya 5. Ukuta umefika nusu, na kazi inataka kusimama kwa kilio cha ndani, cha watu na wake zao. Wengine wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine wamekopa ili walipe kodi ya mfalme. Wengine binti zao wamekwishatiwa utumwani. Na wanaowadai ni ndugu zao Wayahudi, wale wale wanaojenga nao ukuta mmoja.

Baba Mchungaji alituuliza mikopo ya namna hiyo hapa kwetu tunaiitaje. Darasa zima likajibu kwa pamoja: kausha damu.

Kisha akatusomesha mstari wa 10 na wa 11. Nehemia anasema yeye mwenyewe, na ndugu zake, na watumishi wake, nao wamewakopesha watu fedha na nafaka. Anajiweka ndani. Halafu anawataka wakubwa warudishe mashamba na nyumba, na ile sehemu ya mia ya fedha waliyokuwa wakitoza. Akatueleza kwamba wafafanuzi wengi wanaichukua kuwa sehemu moja ya mia kwa mwezi. Asilimia moja. Nikapiga hesabu pembeni mwa kijitabu. Mimi nauza vitenge Mwanjelwa, na pembeni ya vitenge nakopesha. Mtu akichukua 200,000 anarudisha 260,000 mwisho wa mwezi. Hiyo ni asilimia thelathini. Nehemia alikung'uta vazi lake mbele ya mkutano, akaomba Mungu amkung'ute vivyo hivyo kila asiyelitimiza neno lile, kwa watu waliokuwa wakitoza moja.

Nikajiambia, biashara ya siku hizi si ya zama zile, kuna kodi ya fremu, kuna wasiolipa. Hayo yote ni kweli na hadi leo nayasema. Lakini muuguzi akanyosha mkono, akauliza kuhusu rehani: kama mtu ameshindwa kulipa, si haki kuchukua dhamana? Baba Mchungaji akatupeleka kwenye Torati, maana alisema Nehemia hakubuni sheria, aliwakumbusha waliyokuwa nayo. Kutoka 22, ukichukua vazi la jirani yako rehani, umrudishie kabla jua halijachwa, ndilo analojifunika. Kumbukumbu la Torati 24 mstari wa 6, mtu asitwae rehani jiwe la kusagia, maana huko ni kutwaa maisha ya mtu. Akasimama hapo. "Jiwe la kusagia la leo ni lipi?" akauliza. Watu wakataja: bodaboda, jiko la chipsi, jembe. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Cherehani."

Chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa, dukani, kulikuwa na cherehani. Ya dada mmoja wa kwaya yetu, mjane, aliyeiweka bondi kwangu mwezi wa nane. Deni lake lilikuwa 150,000, nami nilikuwa ninahesabu riba juu yake miezi mitano, na kila Jumapili tunapeana mkono na kuambiana Bwana asifiwe. Alikuwa anashona sare za shule. Bila cherehani alikuwa anaosha nguo za watu ili anilipe mimi. Hili sikuwa nimeliona kwa macho haya. Nilikuwa naliona kama dhamana, na mwenye dhamana hana kosa.

Maandiko yanasema wale wakubwa walinyamaza, wasiwe na neno la kusema. Ndivyo nilivyokuwa. Baba Mchungaji hakuniangalia, hakujua. Jumamosi nilichukua bajaji nikaipeleka cherehani nyumbani kwake. Riba niliifuta, deni lenyewe tulikubaliana analipa elfu kumi kumi akipata. Alinikaribisha uji. Hatukuongea sana. Aliifuta vumbi ile mashine, akatia mafuta, akajaribu mshono kwenye kipande cha gazeti kabla ya kunigeukia.

Bado nakopesha, sijaacha. Nimeshusha riba, na vifaa vya kazi sipokei tena. Naandika hivyo ili msomaji asidhani darasa hili linamtoa mtu akiwa malaika.

Kipindi cha fedha za nyumba ya Mungu, wiki ya saba, kilinigusa kama mhazini. Ezra 8: kabla ya kuondoka mtoni Ahava, Ezra anawapimia makuhani kumi na wawili fedha na dhahabu na vyombo, fedha peke yake talanta 650. Anawaambia wao ni watakatifu kwa Bwana. Na bado anapima. Wanafika Yerusalemu, siku ya nne vyote vinapimwa upya, na uzani wote unaandikwa. Nimechoka kusikia "mama, sisi ni watumishi wa Mungu, tunaaminiana, risiti ya nini?" Sasa nina jibu, na ni jibu lenye heshima: aliwaita watakatifu, na mizani hakuiweka kando. Mwalimu mmoja wa shule alipinga kwa kutumia 2 Wafalme 12, ambako wasimamizi waliokabidhiwa fedha za kuwalipa mafundi wa hekalu hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Baba Mchungaji akamwambia asome mistari ya juu yake. Mfalme Yoashi alikuwa amefika mwaka wa 23 wa kutawala na nyufa za nyumba hazijatengenezwa, fedha zinaingia na hazionekani. Ndipo kuhani Yehoyada akatoboa sanduku, na kila lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja, watu wawili wa ofisi mbili. Uaminifu wa wasimamizi ulikuja baada ya sanduku. Kwenye kamati yetu sasa tunahesabu watu wawili, tunaandika kabla ya kuinuka mezani, na kiasi kinasomwa kanisani Jumapili ile ile. Ahadi zimeanza kulipwa kuliko mwanzo. Sijui kama ni kwa sababu hiyo, lakini mzee mmoja aliniletea laki moja akasema, "Sasa naona inakokwenda."

Yaliyonikwaza nayaandika kwa sababu darasa hili nalipenda.

Wiki ya tisa Baba Mchungaji alikuwa safarini, akasimama mwalimu mwingine, kijana. Kipindi kilikuwa Ezra 10 pamoja na Nehemia 13, habari za wake wa kigeni kuachwa. Hiyo ndiyo sehemu inayohitaji ile sheria ya saa moja kuliko nyingine zote, na ndiyo siku ilipovunjwa. Dakika ya kumi alikuwa ameshafika kwenye somo: msichanganyike, aliyefungwa nira na asiyeamini ajinasue. Ukumbini kulikuwa na mama ambaye mume wake haamini, na wameishi vizuri miaka kumi na saba. Alikusanya vitu vyake akatoka.

Nilinyosha mkono, sikupewa nafasi, basi ninayasema hapa. Ezra 10 inatueleza lililotendeka, watu wakiwa wamekaa uwanjani wanatetemeka kwa mvua kubwa na kwa jambo lenyewe. Wazo la kuwaacha wale wake lilitoka kwa Shekania, na sura hiyo haisemi mahali popote kwamba Bwana alinena. Ruthu alikuwa Mmoabi, na Daudi ni kitukuu chake. Malaki anasema Mungu anachukia kuachana. Na Paulo, 1 Wakorintho 7, anawaambia Wakristo waziwazi kwamba mwenzi asiyeamini akikubali kukaa nawe, usimwache. Kuna hofu ya kweli ndani ya Ezra 10, ya watu wachache waliokuwa karibu kupotea kama chumvi kwenye maji, wakitaka wabaki taifa. Hofu hiyo tungeielewa vizuri kama tungepewa ile saa moja. Kulichukua lililowapata watu wa mwaka 458 KK na kulibandika juu ya ndoa ya mtu aliyekaa mbele yako ni kumjeruhi. Wiki ya kumi Baba Mchungaji aliporudi tulimweleza, akamfuata yule mama nyumbani kwake, na siku ya mwisho alikuwepo. Namshukuru kwa hilo. Lakini wanaoandaa darasa wajue kwamba mwalimu wa kuziba nafasi hawezi kupewa kipindi kile.

Mengine ni madogo. Stakabadhi ya ada niliipata wiki ya tatu, baada ya kuidai mara mbili. Nimewaambia, na waliojiandikisha kwa awamu inayofuata wamepewa papo hapo. Ramani za kwenye kijitabu zimechapwa nyeusi tupu, huwezi kutofautisha Samaria na Yuda, nendeni na Biblia yenye ramani nyuma. Ukumbi hauna dari, mvua ikinyesha bati linameza maneno yote, kaeni viti vya mbele. Na chukueni sweta, baridi ya Mbeya saa kumi na mbili mnaijua.

Nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nimeizuia kwa ajili ya wiki ya tisa.

Awamu inayofuata ni vitabu vya Wafalme, kuanzia Sulemani hadi kuanguka kwa Yerusalemu, wiki kumi na mbili, ada imepanda hadi 50,000. Mimi nimeshalipa. Tumekubaliana kwenda watu wanne kutoka kamati yetu, pamoja na yule ndugu wa mchanga lori tatu. Anayetaka kuona kijitabu cha Nehemia kabla ya kuamua asubiri kidogo, changu nimemwazima mwenye cherehani, na jana aliniambia amefika sura ya 8.